Madumu Mawili

Bodaboda iliniacha penye jiwe la mpaka.
Mchanga umelegea, alisema dereva,
na yeye hana tairi za kuchezea.
Nikatembea. Kutoka Kakoneni kwenda Kwa Hinzano
minazi hupungua mmoja mmoja
kama watu wanaoaga matangani,
mpaka inabaki ardhi nyekundu, miiba,
na mavi ya ndovu, makavu, ya juzi.

Miaka saba. Nilitarajia nini?
Nimekuja na picha kwenye simu:
tangi jeupe la lita elfu kumi,
utepe mwekundu, mkasi, meza iliyotandikwa,
na mimi pembeni, fulana ya mradi
bado ina mikunjo ya dukani.

Tangi lipo. Lina ufa ulioshonwa
kwa lami na utomvu wa mti nisioujua.
Kibao chetu ndicho sikukiona, kile cha bati
chenye majina ya wafadhili
na mikono miwili inayosalimiana.
Nilizunguka mara mbili nikikitafuta,
hadi mbuzi waliponionyesha:
ni mlango wa zizi lao sasa.
Mkono mmoja umetobolewa ipite kamba.
Wa pili bado unasalimia.

"Kinafunga vizuri," akasema Thoya,
niliyemwacha na kamasi
na leo ana ndevu tatu na funguo za mfereji.
Hakuomba radhi. Nami, nashukuru, sikumdai.

Mwaringa wa kamati? Amezikwa.
Pampu ya dizeli? Waliiuza mwaka wa pili,
ilikunywa kuliko ng'ombe.
Na ile miche mia nne ya miembe?
Ndovu.
Basi, neno hilo moja,
na mkono ukapungwa upande wa Tsavo
kama wa mtu anayeonyesha nyumba ya jirani mgomvi.

Nyevu Kadenge alikuja mwisho, wala hakukimbia.
Huyu ndiye niliyemshika kidole gumba
nikakibonyeza kwenye wino wa zambarau
mbele ya jina asiloweza kulisoma.
Akaketi juu ya dumu. Akavaa miwani
ya mguu mmoja na uzi.
Akafungua daftari, la nne tangu tuondoke.

"Siku ya mwisho mlioga," akasema.
"Mlisema hamwezi kuingia Malindi na vumbi letu."
Kidole kilekile kikashuka safu,
kikampita Jumwa, kikampita Mbodze,
kikasimama.
Mgeni wa mradi. Madumu mawili.
Shilingi kumi. Hajalipa.
Kila daftari lilipojaa, alilihamisha deni
kwa mkono wake mwenyewe,
herufi zimesimama wima kama vijiti vya ua.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husema wenyewe.
Mimi nilikaa hapa siku tisini
nikapewa kiti, kivuli, kuku, soda ya moto;
jembe sikupewa hata siku moja.
Nilidhani ni heshima.

Nikatoa noti ya elfu. Akaitazama
kama anayeonyeshwa nyoka aliyekufa.
"Sina chenji. Na deni ni kumi."
Nikapekua mifuko, begi, hata soksi,
Thoya akacheka, akanikopesha sarafu.
Nyevu akaifuta kwa leso,
akaigonga kwenye dumu, ikalia,
kisha akapiga mstari juu ya jina langu.
Sina jina humo. Juu ya *mgeni*.
Taratibu, kwa rula.

Halafu akafunua ukurasa mwingine.
"Kumi za Thoya. Unaitwa nani?
Si la mradi. Lile la kwenu."
Shebwana, nikasema.
Akaniomba nirudie, silabi kwa silabi,
ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo wake,
na nyuma yetu mtu akafungua mfereji:
dumu la kwanza likaanza kuimba kwa sauti nzito,
likawa linapanda, linapanda,
kadiri maji yalivyolijaa.